Ulimi wa Wakili

Wahenga walisema, heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Leo twalikumbuka neno hilo kwa ajili ya mtu aliyeishi mbali sana na pwani yetu, wakili Temple Houston wa Texas, Marekani.

Alizaliwa mwaka 1860 katika jumba la gavana mjini Austin, kwani babake, Sam Houston, ndiye aliyekuwa gavana. Lakini hakutimia miaka mitatu babake akafariki, na mwaka 1867 mamake naye akafuata. Yatima huyo alilelewa na dadake. Alipokuwa na miaka 13 alitoka kwenda kuswaga ng'ombe safari za mbali. Baadaye alirudi kwenye elimu, akamaliza chuo cha Baylor mwaka 1880, akawa wakili angali kijana.

Serikali ya jimbo ilimpeleka Mobeetie, kaskazini mwa Texas, kuwa mwendesha mashtaka. Huko kulikuwa nyika, ng'ombe na bastola. Sheria iko mbali na mwenye nguvu yuko karibu. Sifa za ufasaha wake zikaenea, watu wakamchagua, na tangu mwaka 1885 hadi 1889 akakaa katika Seneti ya Texas. Lilipofunguliwa jumba jipya la bunge mwaka 1888, yeye ndiye aliyehutubia.

Kisha akahamia Woodward, Oklahoma, katika ardhi iliyokuwa ya Wacherokee kabla serikali haijaifungulia wahamiaji mwaka 1893. Huko ndiko alikojikwaa ulimi. Mwaka 1895 alirushiana maneno makali mahakamani na wakili mwenzake, Ed Jennings. Walipokutana tena kilabuni, bastola zililia na Jennings akafa. Houston alishtakiwa akaachiliwa, lakini hakuna hukumu irudishayo roho ya mtu.

Mwaka 1899, katika mji uo huo, aliletwa mahakamani mwanamke aliyeshtakiwa kwa ukahaba, hana fedha wala wakili. Houston akasimama kumtetea bila matayarisho yoyote. Hakusema kwamba mama yule hana doa. Aliwageukia wanaume waliokaa kuamua kesi, akawaambia kuwa aliyemwangusha ni mwanamume kama wao, na kwamba lawama ya huyo ni kubwa kuliko yake. Akaomba aachwe aende kwa amani. Wakamwachilia.

Ulimi ni ule ule. Ulipotumika kwa hasira na fahari, ulifuatwa na damu. Ulipotumika kwa ajili ya asiye na mtetezi, ulifungua mlango.

Jambo hili si geni kwetu. Ni wangapi husimama kizimbani wakitetemeka, haki wanayo ila maneno hawana? Ni wangapi hupoteza shamba kwa kutojua la kujibu? Aliyejaliwa ufasaha, awe wakili au mbunge, amebeba amana ya watu hao. Kuwatukana wapinzani jukwaani ni kazi nyepesi, yeyote aweza. Kumsemea mnyonge asiyeweza kulipa wala kupiga kura nyingi ndiko kunakompima mtu.

Houston alifariki mwaka 1905. Aliyoyasema katika Seneti wachache huyakumbuka. Maneno aliyomsemea mwanamke yule fukara yangali yakisomwa hadi leo.