Kukoroma kwa Mtoto Si Usingizi Mnono

Ijumaa iliyopita, katika msikiti mmoja wa hapa Durban, khatibu aliwakemea wazazi wanaowatia watoto wao vyuma vya meno, akasema huo ni urembo na kubadili maumbile ya Mola. Na mzee mmoja alipomuuliza habari za mjukuu wake akoromaye usiku kucha, akamwambia ashukuru, kwani huo ni usingizi mnono.

Laiti angemtazama mtoto wa namna hiyo saa nane za usiku: shingo ameirudisha nyuma, kinywa wazi, mto umelowa jasho, kifua kinabonyea kila avutapo pumzi, kisha kimya, hata mama akainuka kwa hofu, ndipo mtoto akurupuke akitweta. Asubuhi husinzia darasani, na mwalimu humwita mvivu.

Na vyuma vya meno vinahusikaje na mkoromo? Kaakaa, enyi waungwana, ndilo sakafu ya pua: chumba cha chini kikiwa chembamba, na cha ghorofani huwa chembamba. Ni kweli kwamba dawa ya kwanza ya mkoromo huo ni kuondoa tonsili na nyama za pua. Katika uchunguzi wa watoto 464 uliotangazwa Marekani mwaka 2013, waliopasuliwa walipona 79 katika kila 100. Na waliosalia? Miongoni mwao, mwenye kaakaa jembamba ana haja na daktari wa kupanga meno, amtie kifaa chenye ufunguo mdogo ambao mzazi huuzungusha, robo ya milimita kila mara, mpaka mfupa, ambao utotoni haujashikana, utanuke, na sakafu ya pua itanuke nao.

Wapo wasemao kwamba babu zetu walikoroma wakaishi. Waliishi na ndui pia, na hakuna aliyeililia ilipoondoka. Ama hilo la maumbile, khatibu hakosi kukijua kisa cha sahaba Arfaja bin As'ad, aliyepoteza pua vitani, akaweka ya fedha ikamnukia, Mtume akamwamuru aweke ya dhahabu, hali dhahabu ni haramu kwa wanaume.

Na watoto wetu wa Merebank na Wentworth hapa hapa Durban, waliokulia katika moshi wa viwanda vya mafuta ambao serikali iliuvumilia kwa miaka mingi, pua zao zahitaji udhuru gani zaidi ili zitibiwe?

Itikadi hii ya kwamba vyuma vya meno ni urembo tu ina gharama. Mifuko ya bima nayo huyahesabu matibabu haya kuwa anasa, ikayafidia kwa wenye kulipia mipango ya juu tu. Basi mtoto wa Umhlanga, kwa matajiri, hutanuliwa kaakaa, na wa Chatsworth, kwa wasio nacho, huambiwa ana usingizi mzuri.