KIMEFUNGUKA, LAKINI NANI AMEKURUHUSU?



Ndugu zangu, juzi baada ya swala ya Alasiri kijana mmoja wa gereji hapa Nyakato alinionyesha video kwenye simu huku akicheka. Kijana wa Kizungu amesimama kwenye maegesho, ana kikasha kidogo mkononi. Anabonyeza, gari la Tesla lililopaki mbele yake linafungua kijilango cha kuchajia. Anabonyeza tena, la pili nalo. Mwenye gari hayupo. Huyu wa kwetu akaniambia, "Sheikh, kifaa hiki naweza kukitengeneza kwa siku moja. Na wala si wizi, maana hakichukuliwi kitu."

Neno hilo la mwisho ndilo lililoninyima usingizi. Soma mpaka mwisho, usikimbilie komenti.

Kwanza tukijue kitu chenyewe, maana tuna tabia ya kuhukumu tusichokijua. Gari la umeme lina kijilango, kama kile cha kujazia mafuta, ndipo unapochomeka waya wa kuchaji. Kwenye Tesla, mpini wa waya una kitufe. Ukikibonyeza unarusha mawimbi ya redio, gari linasikia, kijilango kinafunguka. Marekani wanatumia masafa ya megahezi 315, Ulaya 433.92. Ujumbe unaorushwa ni uleule kwa magari yote, haubebi siri ya gari moja moja. Basi wajuzi wa huko wakaunasa, wakautia kwenye chipu za bei ndogo, wakajitengenezea rimoti. Kinachofunguka ni kijilango tu. Milango ya gari haifunguki na gari haliondoki.

Utaniambia, "Sheikh, hapa Mwanza hizo Tesla ziko wapi?" Haya, tuache Tesla. Geti lako je? Rimoti nyingi za bei nafuu za mageti hurusha namba moja isiyobadilika, mara nyingi kwenye masafa hayo hayo ya 433. Si kama rimoti za magari mengi ya kisasa, ambazo kila ukibonyeza namba inabadilika. Hii ya geti fundi anaiweka karibu na rimoti tupu, anabonyeza mbili tatu, umepata ya pili. Buzuruga mpaka Igoma mafundi wanalijua hilo. Na magari ya umeme yanakuja: Ethiopia mwaka 2024 imezuia kuingiza magari ya petroli na dizeli, Nairobi mabasi ya umeme yanabeba abiria. Swali la kijana wetu limeshafika mlangoni kwako.

Sasa hoja yake. Anasema, mlango ni dhaifu, lawama ni za aliyeutengeneza.

Ndugu yangu, wewe ni mtu wa Ziwa. Mvuvi anatega nyavu zake jioni, alama yake ni dumu linaloelea. Halina kufuli wala mlinzi. Alfajiri ukapita na mtumbwi wako, ukazinyanyua "kuangalia tu" kilichonasa. Nani hapa kwetu atakuita mtu mwema? Atasema nani kwamba kosa ni la dumu?

Mtume (s.a.w.) amelizungumza hili waziwazi. Katika Bukhari na Muslim, kutoka kwa Ibn Umar, alikataza mtu kukamua mnyama wa mwenzake bila idhini, akauliza kama kuna anayependa ghala lake livunjwe na chakula chake kibebwe, kwa kuwa viwele vya wanyama ndivyo ghala la wenyewe. Tazama mfano alioutoa! Kiwele hakina mlango kabisa. Ng'ombe yuko malishoni, mkono wa yeyote unakifikia. Urahisi wa kukifikia haukuwa ruhusa.

"Lakini mimi sikukamua, nimefungua tu." Sawa. Kuna mtu aliyechungulia kwenye tundu la chumba cha Mtume (s.a.w.), na Mtume ana chanuo cha chuma mkononi anajikunia kichwa. Yule hakuchukua kitu. Alichungulia tu. Akaambiwa maneno mazito mno, na akaelezwa kuwa kuomba idhini kumewekwa kwa ajili ya jicho. Jicho, ndugu yangu! Na Suratun Nur, aya ya 27 na 28, inatutaka tubishe hodi, na tukiambiwa turudi, turudi.

Limebaki la mzaha, maana video zile zote ni za kuchekesha. Abu Dawud amepokea kwamba Maswahaba walikuwa safarini, mmoja akalala, wenzake wakachukua kamba yake kwa utani, akashtuka. Mtume (s.a.w.) akakataza Muislamu kumtisha Muislamu mwenzake. Kamba tu! Sasa mama yuko peke yake usiku, geti linafunguka lenyewe, linafunga, linafungua. Wewe uko nje na simu unarekodi. Unadhani analala tena usiku ule?

Hata hivyo nanyi mnaosema kila kifaa cha namna hii ni haramu, tulieni. Asili ya vitu ni kuruhusika mpaka ije dalili. Mtu mwenye gari lake akijitengenezea rimoti ya kijilango chake, kwa sababu mikono imedhoofika au anapenda tu ufundi, hiyo ni elimu na ni halali. Kanada mwaka 2024 ilitangaza kupiga marufuku vifaa kama Flipper Zero kwa hofu ya wizi wa magari. Wataalamu wakalalamika, serikali ikalegeza. Kijana mwenye akili ya kuunda kitu Nyakato simfungii mlango.

Ninachomdai ni kimoja: asimkopie mtu rimoti bila kujua anamkopia nani.

Na hapa nijiseme mwenyewe. Mwaka jana nilikwenda kukopi rimoti ya geti la madrasa. Fundi hakuniuliza jina. Nikalipa, nikamsifu kwa wepesi wake. Kumbe ningekuwa mwizi wa watoto wa watu angenihudumia vilevile.

Najua jibu, ameshanipa: "Nikidai kadi ya gari au kumpigia mwenye nyumba, mteja anakwenda kwa jirani." Ni kweli, anakwenda. Hiyo ni hela ya unga wa nyumbani, sitajifanya ni jambo jepesi. Lakini wanavyuoni walishazungumza juu ya muuza zabibu anayejua mnunuzi atazigeuza pombe. Zabibu ni halali, na bado wengi wakamkataza. Wewe ukimwona mtu ana haraka, anataka rimoti tatu, na geti lenyewe hajui liko mtaa gani, utasema hukujua?

Na wewe uliyehamia nyumba ya kupanga wiki hii, mwambie fundi afute rimoti zote za zamani kwenye kipokezi cha geti, aingize rimoti mpya zenye namba tofauti. Ni kazi ya dakika chache.

Kijana wangu wa gereji, najua unasoma. Daftari la kuandikia majina na namba za kadi za wateja nitakununulia mimi. Njoo baada ya Isha.

Wabillahi tawfiq.