Kuziba Breki ya Nyuma Siyo Matengenezo

Vijana wenzangu, leo naacha mbolea, naongelea pikapu. Wengi wetu tunatumia za zamani, na nikipita Urambo na Kaliua nasikia lalamiko moja: ukigusa breki kidogo tu, tairi za nyuma zinakamata ghafla, gari linateleza pembeni. Fundi anaziba bomba la nyuma, unalipa, unaondoka. Mimi hilo nalipinga. Ukishapakia marobota ya tumbaku uzito uko nyuma, na huko ndiko breki inahitajika.

Tafuta chanzo. Zuia tairi za mbele kwa magogo, toa gia, achia handbreki, nyanyua nyuma, weka stendi, zungusha kila tairi kwa mkono. Inayogoma, angalia kebo ya handbreki iliyokwama, springi zilizochoka au viatu vya breki vilivyokazwa mno. Halafu fungua dramu. Ukikuta oili ya difu, sili ya ekseli imekufa. Ukikuta mafuta ya breki, silinda ndogo inavuja. Ziba uvujaji kwanza, kisha badilisha viatu pande zote mbili. Kilicholowa usikioshe kwa petroli ukakirudisha. Vumbi usilipulize, viatu vya zamani vingine vina asbestosi.

Zikikamata asubuhi tu baada ya mvua, kisha zikaachia, hiyo ni kutu ya usiku.

Wanyamwezi wa zamani walibeba mizigo mabegani kutoka hapa hadi Bagamoyo, ikafika. Wewe mwenye gari, fikisha tumbaku yako, nawe ufike salama.