Kazi ya wabunifu Wakongo isifungwe na kadi ya benki ya mtu mwingine

Katika vyumba vya sekretariati publiki vya Goma, Bukavu na Lubumbashi, kule watu wanakoenda kuchapisha mitihani, barua za kuomba kazi na mialiko ya harusi, kazi ilikuwa ikitembea kwa fleshi. Mteja analeta mchoro, mchapaji anausahihisha, mkubwa wa mteja anabadilisha rangi, na baada ya siku tatu kuna mafaili sita, yote yakiitwa "ya mwisho". Virusi vya kompyuta navyo vilisafiri kwa njia hiyo hiyo.

Leo vijana wengi wanaotengeneza mabango, nembo na kurasa za mtandao wameiacha fleshi. Wengine wanafungua Canva kwenye simu, wengine Figma kwenye kompyuta. Figma ilianzishwa Marekani mwaka wa 2012 na Dylan Field na Evan Wallace, ikafunguliwa kwa watu wote mwaka wa 2016. Inafanya kazi ndani ya kivinjari, bila kuwekwa kwanza kwenye kompyuta. Watu watatu, mmoja Goma, mwingine Kinshasa na wa tatu Brussels, wanaweza kuingia katika mchoro mmoja kwa saa ile ile. Kila mmoja anaona mshale wa mwenzake ukitembea, umeandikwa jina, na maoni ya mteja yanabandikwa pale pale penye kosa. Kati ya Goma na Kinshasa kuna zaidi ya kilomita 1,500, na hakuna barabara ya kuaminika. Faida hiyo ni ya kweli. Anayeikataa hajawahi kungoja fleshi iletwe na mtu wa pikipiki kutoka Sake wakati mvua inanyesha.

Lakini kuna swali ambalo wabunifu wachache wanajiuliza mpaka siku ya shida: kazi hiyo inakaa wapi, na nani ana ufunguo wake?

Mchoro uliotengenezwa kwa programu za namna hii haukai kwenye kompyuta ya mbunifu. Unakaa kwenye mitambo ya kampuni, mbali na Kongo. Ili kuufikia kunahitajika umeme, mega na, kwa kazi kubwa, malipo ya kila mwezi. Umeme unajulikana: katika nchi yenye maporomoko ya Inga, karibu mtu mmoja tu kati ya watano ndiye anayeupata. Mega zinaisha kabla ya mwezi kuisha. Malipo ndiyo yanayoumiza kimya kimya. Kijana ana pesa zake kwenye M-Pesa au Airtel Money, lakini ukurasa wa malipo unaomba namba ya kadi ya benki. Basi anamtafuta jamaa mwenye kadi, jamaa analipa na kuchukua chake juu, na mara nyingi akaunti inafunguliwa kwa jina na barua pepe ya huyo jamaa. Siku wakigombana, au jamaa akihamia Kampala na kubadili kadi, kazi ya miaka miwili inabaki mikononi mwa mtu ambaye hakuchora hata mstari mmoja. Huko Goma na Bukavu, ambako benki zilifunga milango baada ya M23 kuingia mwanzoni mwa mwaka wa 2025, njia hiyo imezidi kuwa ndefu na ya gharama.

Programu hizi zina mpango wa bure, na wengi wanaanzia hapo. Mpango wa bure una mipaka, na mipaka hiyo inawekwa na kubadilishwa na kampuni yenyewe.

Si kadi peke yake inayoweza kufunga mlango. Tarehe 31 Desemba 2018, siku moja baada ya uchaguzi, intaneti ilikatwa nchini Kongo na ikarudi baada ya siku 20 hivi. Yeyote ambaye kazi yake yote ilikuwa mtandaoni alikaa mikono mitupu muda wote huo. Mwezi wa Oktoba 2019, Adobe ilitangaza kwamba itafunga akaunti za watumiaji wote wa Venezuela kwa sababu ya amri ya rais wa Marekani. Iligeuza uamuzi mwezi ule ule baada ya kupata ruhusa, lakini wabunifu wa Caracas walikuwa wameshaambiwa waondoe mafaili yao. Mwaka wa 2022 Figma ilisimamisha akaunti ya kampuni ya China, DJI, inayotengeneza droni, kwa sababu ya vikwazo vya Marekani. Mwaka huo huo Adobe ilitaka kuinunua Figma kwa dola bilioni 20. Mpango ulivunjika Desemba 2023 kwa upinzani wa wasimamizi wa ushindani wa Ulaya na Uingereza, na Adobe ikalipa dola bilioni 1 kwa kuvunja ahadi. Katika mambo hayo yote, hakuna aliyepiga simu Bukavu kuuliza mbunifu anasemaje.

Jibu la wengine ni nakala za wizi za Photoshop zinazouzwa kwenye fleshi. Hilo ni kurudi kwenye virusi vya zamani, na hakuna ofisi inayoweza kuweka mkataba wa maana juu yake.

Kuna njia nyingine, na inashangaza kwamba haisikiki zaidi katika vyuo vikuu. Inkscape na GIMP kwa michoro, Scribus kwa kupanga kurasa, LibreOffice kwa barua na hesabu: zote ni bure na zinafanya kazi bila intaneti. Kwa kazi ya pamoja kuna Penpot, iliyotengenezwa Hispania. Msimbo wake uko wazi, na ofisi inaweza kuiweka kwenye kompyuta yake yenyewe. Wafanyakazi walioungana na Wi-Fi ya ofisi wanaendelea kuchora pamoja hata intaneti ya nje ikikatwa, mradi betri au paneli ya jua ipo. Isisemwe kwamba ni rahisi. Anahitajika mtu anayejua Linux wa kuitunza, na kwa mwaliko wa harusi unaotakiwa jioni hii, Canva itashinda tu. Lakini kwa nembo ya hospitali au ramani ya ugawaji wa misaada, usalama wa kazi unapita wepesi.

Serikali nayo ina sehemu yake. Ilizindua mpango wa kitaifa wa dijitali mwaka wa 2019, ikatoa sheria ya dijitali Machi 2023. Raia walikatwa pesa za RAM kwenye simu zao hadi mwaka wa 2022, wana haki ya kudai kitu. Wizara na mikoa inayolipa wabunifu ingeweka tu sharti moja kwenye mikataba: mafaili ya asili yakabidhiwe kwa muundo ulio wazi, PDF, SVG au ODF, ili nembo ya mkoa isipotee na akaunti ya mtu binafsi. Nazo kampuni za simu, zinazopata faida kwa kila muamala, zirahisishe kulipa nje ya nchi kutoka kwenye simu kwa makato yanayovumilika.

Mbunifu hana sababu ya kuwangoja. Kila Ijumaa, kabla umeme haujakatwa, atoe michoro yake kwa PDF na SVG, aiweke kwenye diski mbili, moja ofisini na nyingine nyumbani kwa ndugu. Na akaunti iandikwe kwa jina la mwenye kazi, hata kama mwenye kadi ni shemeji.