Nauli Rahisi na Ukongwe wa Rubani

Kila siku asubuhi, kabla jua halijachoma sawasawa juu ya nchi hii ya Ugogo, ndege hutua katika uwanja wa Dodoma ulio katikati ya mji, na wakazi wa mitaa ya kando hawainui tena macho kuitazama. Wamezoea. Hushuka wabunge na mikoba yao, makatibu, wafanyabiashara, na wagonjwa waliotoka kutibiwa Muhimbili. Kisha baada ya muda mfupi ndege huondoka tena. Watu wawili tu hawakushuka wala hawakuonekana, nao ni wale walioileta.

Juu ya watu hao wawili twapenda kusema neno leo, kwa sababu safari ya Dodoma imeingia katika mashindano ambayo zamani hayakuwapo. Tangu Julai 2024 treni ya umeme yatoka Dar es Salaam hadi hapa kwa saa nne hivi au pungufu, na nauli ya daraja la kawaida ilianza kwa shilingi 31,000. Shirika la ndege litakalotaka kubaki na abiria wake halina budi kutafuta njia ya kupunguza nauli. Hilo si jambo baya, nasi twalifurahia. Ila twauliza swali ambalo watangazaji wa nauli rahisi hawapendi kuulizwa: upungufu huo utatoka katika mfuko wa nani?

Twajua kwamba msomaji wetu mmoja amekwisha kununa. Yeye ni mpakuzi wa magunia katika soko la mahindi la Kibaigwa, au ni mlinzi wa usiku, naye asema, "Rubani hupokea kwa mwezi mmoja kuliko nipokeavyo mimi kwa mwaka, tena hulala hotelini kwa fedha za tajiri wake. Leo ninyi mwaniomba nimlilie?" La, ndugu, hatukuombi umlilie. Twakuomba ulitazame daftari lake la kazi pamoja nasi, kwa maana liko jambo ndani yake linalokuhusu siku utakapoketi kiti cha dirishani, na hata usipoketi.

Katika kazi ya urubani ukongwe ni karibu kila kitu. Mashirika mengi ya ndege huwa na orodha, na kila rubani huandikwa humo kwa tarehe aliyoajiriwa. Orodha hiyo ndiyo huamua nani atatoka kiti cha kulia, kilicho cha rubani msaidizi, ahamie kiti cha kushoto cha kapteni. Nani atachagua kwanza likizo ya Idi au ya Krismasi. Nani atapewa ndege kubwa. Na siku ya kupunguza watu, nani atatangulia kutoka. Karani wa reli akihamishwa kutoka Tabora kuja Dodoma haanzi kuhesabiwa upya. Rubani akitoka shirika hili kwenda lile, saa zake za kuruka huenda nazo kwa kuwa zimeandikwa kitabuni, lakini ukongwe wake huuacha mlangoni. Aweza kuwa na saa elfu nane angani, na bado akapangwa nyuma ya kijana aliyeajiriwa mwezi uliotangulia.

Ndiyo sababu mashirika mapya ya nauli rahisi huwavuta vijana. Shirika jipya halina orodha ndefu, na likikua upesi rubani msaidizi hupata ukapteni kwa miaka michache, mahali ambapo katika shirika la zamani angengoja muongo mzima. Tena kijana huyo ana deni. Ili apate leseni ya kurusha ndege kwa malipo huhitaji kwa kawaida saa 200 za kuruka, na leseni ya juu ya ukapteni yataka saa 1,500. Masomo hayo, ambayo wengi wameyafuata ng'ambo, hugharimu makumi ya maelfu ya dola. Mzazi ameuza kiwanja, au ng'ombe wa ukoo mzima wametoka zizini. Kijana wa namna hiyo hana nafasi ya kuchagua sana mkataba awekewao mezani.

Lakini shirika jipya laweza kufa pia, na jambo hili hapa kwetu si hadithi. Tarehe 29 Novemba 2012 fastjet ilianza kuruka kutoka Dar es Salaam kwenda Mwanza na Kilimanjaro kwa ndege za Airbus A319, nauli ikitangazwa kuanzia shilingi 32,000 kabla ya kodi. Watu ambao hawakupata kupanda ndege maishani mwao walipanda. Kazi hiyo yastahili sifa, wala hatuoni haya kuisema. Walakini mwishoni mwa mwaka 2018 wenye hisa wa ng'ambo walijitoa, na mwezi Desemba Mamlaka ya Usafiri wa Anga ikatoa notisi ya siku 28 ya kusudio la kufuta leseni ya shirika hilo, ikaagiza abiria warudishiwe nauli zao. Basi ikawa mwisho. Miaka sita! Ndio muda unaomtosha msaidizi kuwa kapteni. Mwenye tiketi alikuwa na mtu wa kumsemea. Aliyekuwa na miaka sita katika orodha ya ukongwe hakuwa na ofisi ya kumwendea na miaka yake, kwa kuwa hakuna chombo kilichopewa kazi ya kuipokea.

Wazee wa mji huu hawahitaji kufundishwa somo hilo, maana Dodoma ni mji wa reli. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, Shirika la Ndege la Afrika Mashariki lililoanza mwaka 1946 lilikufa pamoja nayo, na Air Tanzania ikazaliwa Machi mwaka huo huo. Waliokuwa wameitumikia Jumuiya katika reli, bandari, posta na ndege walidai haki zao kwa karibu miaka thelathini kabla malipo ya Serikali yetu hayajaanza mwaka 2005, na wengi walizikwa wakingoja. Miongoni mwao walikuwamo makuli, mafundi, makarani na marubani. Daftari lilipofungwa liliwafungia wote.

Sasa tuseme namna nauli inavyoshuka, maana wengine hudhani ni uchawi au ni ukarimu. Shirika la nauli rahisi kwa desturi hutumia ndege za aina moja, ili fundi na rubani wajifunze mashine moja na vipuri viwe vya namna moja. Huuza tiketi lenyewe bila wakala. Halimpi abiria chakula, na begi lake hulitoza. Zaidi ya yote, ndege haikai chini: hutua, hushusha, hupakia, na baada ya nusu saa hivi iko angani tena, kwa sababu ndege iliyosimama haileti senti. Katika hayo yote hatuna ugomvi hata kidogo. Ugomvi waanza pale ambapo mashine imekwisha kukamuliwa, na mwenye shirika akamgeukia binadamu.

Humgeukia kwa njia kadhaa. Yako mashirika duniani yanayomlipa rubani kwa saa za kuruka tu, yaani tangu ndege inapoondoka mahali ilipoegeshwa hadi inaposimama tena. Mvua ikizuia safari, naye akaketi uwanjani saa tatu akingoja, saa hizo ni sadaka. Yako yanayomwajiri kupitia wakala, hata hana mwajiri wa kumshitaki. Na safari fupi kama hii ya Dodoma, iliyo ya saa moja hivi, ndiyo yenye kuchosha kupita zote, kwa kuwa uzito wa kazi uko katika kuruka na kutua; arukaye mara sita kwa siku amefanya kazi kubwa kuliko aliyevuka bahari mara moja.

Sisi twaijua hesabu hiyo kwa jina lake la mtaani. Dereva wa daladala ana "hesabu" ya tajiri ambayo lazima ifike jioni, iwe mvua au jua, na kila mmoja wetu ameona afanyavyo ili ifike. Aprili na Mei 2015 madereva wa mabasi waligoma nchi nzima, na moja ya madai yao makubwa lilikuwa mikataba ya ajira. Watu waliwalaumu kwa kukwama vituoni, na sisi pia tulikwama, lakini mtu asiye na mkataba hawezi kumwambia tajiri, "Leo nimechoka, siendeshi."

Na hapo ndipo ulipo moyo wa maneno yetu. Dodoma iko mita zaidi ya 1,100 juu ya usawa wa bahari. Saa nane mchana hewa ya hapa ni ya moto na nyepesi, na ndege huhitaji njia ndefu zaidi ili iinuke. Kapteni hupiga hesabu ya uzito, na wakati mwingine hana budi kusema mizigo fulani ibaki, au safari ingoje jua lipungue. Neno hilo humgharimu mwajiri fedha. Kapteni mwenye ukongwe ulioandikwa, mshahara usiotegemea saa, na chama nyuma yake, hulisema bila kumeza mate. Yule ambaye mkataba wake waisha mwezi ujao hulisema pia, twaamini, kwa maana ni watu wa heshima na roho yake mwenyewe imo ndani ya ndege. Ila twamtaka alisemaye asiwe anahesabu karo ya watoto wake.

Tarehe 12 Februari 2009 ndege ya Q400, aina ile ile ambayo Air Tanzania huileta hapa, ilianguka karibu na Buffalo huko Marekani, wakafa watu 49 waliokuwamo na mmoja aliyekuwa nyumbani kwake chini. Ilikuwa ya kampuni ndogo, Colgan Air, iliyobeba abiria kwa niaba ya kampuni kubwa ya Continental. Wachunguzi walisema sababu ilikuwa kapteni kuitikia visivyo onyo la kupungua mwendo. Nasi twalitaja wazi, tusije tukasingizia mshahara uliiangusha ndege. Lakini uchunguzi ule ulifunua mengine. Rubani msaidizi alikuwa akilipwa pungufu ya dola 25,000 kwa mwaka, akiishi Seattle, upande wa pili wa nchi, na usiku uliotangulia alidandia ndege za mizigo ili afike kazini. Mwaka 2010 Bunge la Marekani lilitunga sheria, na tangu mwaka 2013 rubani msaidizi wa ndege za abiria huko kwa kawaida hutakiwa awe na saa 1,500.

Wala asituambie mtu kwamba nauli rahisi na rubani aliyeridhika haviwezi kukaa nyumba moja. Southwest ya Marekani, ambayo mashirika yote ya namna hii yaliiga, imeruka tangu mwaka 1971, na marubani wake wana chama chao tangu mwaka 1978. Ryanair ya Ireland ilikataa vyama kwa miaka zaidi ya thelathini. Septemba 2017 ratiba yake ya zamu ikavurugika, ikafuta safari za mamia ya maelfu ya abiria, na Desemba mwaka huo ikakubali kuvitambua.

Tutaulizwa: fedha zitoke wapi? Kwa mwaka 2022/23 Air Tanzania ilipata hasara ya shilingi bilioni 56.6, na fedha hizo ni za mkulima wa Bahi na wa Mpwapwa. Twakubali kwamba ni mzigo. Lakini miongoni mwa sababu zilizotajwa ni ndege za A220 kusimama kwa ubovu wa injini zilizotoka kiwandani, na rubani hakuzitengeneza.

Marubani nao wana lao, tusiwafiche. Tarehe 5 Novemba 2022 wenzao wa Kenya Airways waligoma wakidai mwajiri arudishe michango ya mfuko wao wa akiba iliyosimamishwa. Dai lilikuwa la haki, lakini maelfu ya abiria walikwama, na mahakama ikawarudisha kazini baada ya siku chache. Katika siku zile hatukusikia sana marubani wakimtaja mpakia mizigo. Desturi ya kujitenga kama watu wa tabaka jingine yawadhuru wao wenyewe, kwa kuwa hapa nchini ni wachache mno kusimama peke yao. (Kesho yake, tarehe 6, ndege ya Precision Air ilianguka ziwani Bukoba, wakafa watu 19, marubani wote wawili wakiwamo. Anayesema rubani ni bwana mkubwa tu na akumbuke asubuhi ile.)

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yawapa njia. Imewaweka waongozaji wa ndege katika huduma muhimu zisizoruhusiwa kugoma, lakini marubani haikuwataja katika orodha hiyo. Kwa hiyo wana nguvu ya kujadiliana, wakiifuata njia ya usuluhishi kwanza. Waitumie kuandika mkataba wa hali bora pamoja na mafundi, wahudumu na wapakia mizigo, na ndani yake mambo haya yawemo: mshahara wa msingi usiopungua hata ndege ikikaa chini, na ukongwe uliopatikana katika shirika moja la Tanzania utambuliwe, japo kwa nusu, katika shirika jingine la Tanzania. Nayo Mamlaka ya Usafiri wa Anga, inapopima uwezo wa fedha wa mwombaji leseni, idai aonyeshe mahali zilipo fedha za haki za wafanyakazi kwa siku ya kufunga, kama inavyodai aonyeshe bima ya abiria. Dai hilo liwekwe mbele ya shirika litakalofuata kuomba leseni, kabla halijatangaza nauli yake ya kwanza.