Beringi za kauri kwenye rili: Mbeya na Iringa unalipia nini hasa?

MJADALA wa beringi umefika Nyanda za Juu Kusini. Vijana wanaovua kwa mshipi, kuanzia Matema kule Kyela hadi bwawa la Mtera upande wa Iringa, wanaulizana jambo moja: kung'oa beringi zilizokuja na rili na kuweka za kauri, kunalipa?

Jibu la haraka: kwa wengi wao, hakulipi. Wapo wachache ambao kunawalipa, na kinachowatofautisha si unene wa pochi. Ni aina ya rili waliyoshika.

BOBINI INAZUNGUKA AU IMETULIA?

Rili nyingi utakazoziona huku ni zile zinazoning'inia chini ya fimbo, bobini ikitazama mbele. Ukirusha, bobini hiyo haizunguki hata kidogo. Mshipi unachomoka wenyewe na kupita kwenye mdomo wake. Sasa jiulize, kitu kisichozunguka beringi itakipeleka mbali vipi? Hapo beringi zinafanya kazi wakati wa kukunja mshipi tu. Nzuri zitafanya mkono uende laini, basi. Chambo hakitaongeza hata mita moja.

Aina ya pili inakaa juu ya fimbo, na bobini yake inazunguka kila unaporusha. Hapa ndipo beringi zina kazi. Zikiwa nyepesi, bobini inaanza kuzunguka mapema na chambo chepesi kinafika mbali zaidi.

Uingereza kuna watu wanashindana kurusha tu, tena kwenye majani, hakuna maji wala samaki. Mabingwa wao wanatupa risasi ya gramu 150 zaidi ya mita 200, yaani karibu viwanja viwili vya mpira kwa urefu. Wale kubadili beringi ni sehemu ya maandalizi, kama mchezaji anavyochagua njumu kulingana na uwanja.

Lakini kasi ina gharama yake. Bobini ikizunguka haraka kuliko mshipi unavyotoka, na dole gumba lako halijazoea kuizuia, mshipi unajisokota palepale. Utakaa ufukweni nusu saa unafumua mafundo wakati wenzako wanavua.

MTO MMOJA, RILI MBILI

Chukua mto Kiwira. Huko juu upande wa Rungwe, kwenye maji ya baridi, ndiko walikopandikizwa trauti enzi za ukoloni. Chini kabisa mto huohuo unaingia Ziwa Nyasa, kwenye maji ya mbasa.

Trauti kwa kawaida anavuliwa kwa inzi bandia, manyoya yaliyofungwa kwenye ndoano. Mvuvi anavuta mshipi kwa mkono kutoka kwenye rili, kisha anaurusha kwa uzito wa mshipi wenyewe. Rili pale ni ghala la mshipi na breki ya samaki mkubwa. Kuiwekea beringi za kauri ni kumvalisha kipa njumu za mshambuliaji.

Ukishuka Matema, adui ni mchanga. Maji ya Nyasa hayana chumvi, kwa hiyo kutu si tishio kama kule Pemba au Mafia. Ila chembe moja ya mchanga ikiingia kwenye beringi, haiulizi ulinunua kwa shilingi ngapi. Na beringi nyingi zinazoitwa za kauri, kauri ni gololi tu. Vikombe vinavyozibeba ni vya chuma, na chuma kinakwaruzika.

Mtera nako, kwa perege na kambale, wa kutegea chambo akasubiri hana haja ya mbio za bobini.

NAMBA ZA KWENYE BOKSI

Usitishwe na maandishi. Boksi likikwambia rili ina beringi kumi, halijakwambia ni za chuma gani wala zimekaa wapi. Herufi za ABEC nazo, zenye daraja 1, 3, 5, 7 na 9, zinapima usahihi wa vipimo vya beringi. Hazisemi kama itashika kutu wala itadumu miaka mingapi.

Jozi ya kauri yenye jina inaweza kufikia bei ya rili nzima ya daraja la chini. Kwa hela hiyo unapata mshipi mpya na ndoano kali, na chenji inabaki.

Wapenzi wa soka Mbeya wanalijua somo hili. Msimu wa 2013/14 Mbeya City ilipanda Ligi Kuu kwa mara ya kwanza na kumaliza ya tatu, juu ya Simba, chini ya kocha Juma Mwambusi. Kikosi kile wengi tulikuwa hatuyajui majina yake. Kilichowabeba ni kufanya mambo ya msingi kila wiki.

Mambo ya msingi ya rili ni haya. Ikivuliwa kwenye mchanga, ifute na uiachie ikauke. Beringi ya bobini inayozunguka iwekee tone moja la mafuta ya cherehani, usiishindilie grisi, kwa sababu grisi inaipunguzia mbio. Grisi peleka kwenye meno ya gia.

Kama una rili ya bobini tuli na lazima ubadilishe kitu, anza na kale kagurudumu kanakopitisha mshipi. Ndiko kanakolowa kila siku na mara nyingi ndiko kanakoanza kulia. Pima beringi yake kwa milimita: tundu, upana wa nje na unene. Nunua ya chuma kisichoshika kutu, iliyozibwa pembeni.

Mwenye rili ya juu ya fimbo, anayerusha chambo chepesi na dole gumba lake limekomaa, huyo anunue kauri. Hela yake haitapotea.

Wengine tuangalie maji kwanza. Mbasa hupanda mitoni msimu wa mvua kwenda kutaga. Nyavu zikiziba mlango wa mto kipindi hicho, msimu unaofuata utarusha mbali na kukunja laini, na ndoano itarudi tupu. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 ipo. Vijana wanaobishana kuhusu beringi wangebishana na hilo pia, maana ndilo litakaloamua kama rili zao zitakuwa na kazi.