Ufa Usioonekana

Methali yetu yatuonya kwamba tusipoziba ufa tutajenga ukuta. Ni kweli, msomaji, walakini methali hiyo yachukulia kuwa ufa umekwisha kuonekana. Na usipoonekana je?

Nenda Langas, hapa Eldoret, ukamtazame fundi wa kuchomelea vyuma akikagua tela la lori. Hugonga kwa nyundo, husikiliza, kisha hunena: "Hakuna ufa." Asema kweli kadiri ya sikio lake. Mkaguzi wa ndege, mwenye chombo cha kupeleka mawimbi ya sauti ndani ya chuma, naye hunena neno lilo hilo, nasi twamwamini pasipo kuuliza. Hapo ndipo tukosapo. Tarehe 19 Julai, 1989, ndege ya United 232 ilianguka Sioux City, Marekani, wakafa watu 112 katika 296. Gurudumu la pangaboi katika injini ya mkiani lilipasuka. Lilikuwa limekaguliwa kwa dawa ing'arishayo nyufa; ufa ulikuwamo, wala haukuonekana.

Basi swali la haki si ufa mdogo gani chombo chaweza kuuona, bali ufa mkubwa gani chaweza kuukosa. Kulijibu ni ghali. Ukitaka kuthibitisha, kwa uhakika wa 95 katika 100, kwamba mkaguzi huona walau nyufa 90 katika kila 100 za urefu fulani, sharti umpe nyufa 29 za urefu huo naye azione zote. (Zidisha 0.9 kwa 0.9 hata zitimie 29, uone jibu lishukavyo chini ya 0.05.) Na huo ni urefu mmoja tu, wa chuma cha namna moja! Ndiyo sababu wahandisi huunda kielelezo ndani ya kompyuta, wakajaribu nyufa maelfu pasipo kukata chuma.

Wako wakidharauo kielelezo hicho kuwa ni ndoto ya mashine. Nawakataa: kanuni zake ni zile zile za mawimbi tuzifundishazo darasani. Lakini nawakataa zaidi wakisujudiao. Kompyuta yalijua wimbi. Haimjui mkaguzi aliyekesha, wala taa hafifu, wala kutu, ila mtu ayapime hayo kwa vyuma halisi na kuiingizia.

Nilimwuliza yule fundi wa Langas ni ufa gani umpitao. Akacheka, akainua mkono. "Mwalimu, ulio mfupi kuliko kidole hiki siusikii." Mimi sijapata kusoma hati ya ukaguzi iliyoniambia hata hayo.